Janti pana au nyembamba? Kuchagua magurudumu ya baiskeli ya milima kwenye mawe ya Goma

Siku hizi kijana wa Goma akienda kununua baiskeli ya milima ya mtumba, hakosi muuzaji wa kumwambia: "Kaka, chukua hii, janti yake ni pana." Maneno hayo yanatosha kupandisha bei. Hamu ya baiskeli imepanda katika ukanda wetu. Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika barani Afrika. Na ng'ambo tu ya mpaka, Rubavu, ndipo inapoanza Njia ya Kongo-Nili, kilomita 227 za vilima kandokando ya Ziwa Kivu hadi Rusizi. Hamu hiyo inanifurahisha sana. Kinachoniuma ni pesa za watu zinazopotea kwa ushauri wa nusunusu. Huyu kafunga tairi nene kwenye janti nyembamba, sasa kila kona baiskeli inamyumbisha. Yule kanunua magurudumu mapana kuliko yote, na mawe yanamchania mbavu za matairi kila mara.

Upana wa janti una faida za kweli. Ila janti haichaguliwi peke yake. Janti, tairi na upepo hufanya kazi pamoja, ukigusa kimoja umegusa vyote. Na hapa kwetu kuna kitu cha nne, jiwe la volkano, ambalo lina usemi kuliko muuzaji yeyote.

Tuanze na majina ya vitu. Janti ni ile duara ya nje ya gurudumu, ya chuma au ya alumini, ambako spoki zote zinaishia na ambako tairi linakaa. Ukivua tairi utaona kwamba janti ina umbo la mfereji wenye kuta mbili. Nafasi kati ya ukuta na ukuta, ukipima kwa ndani, ndiyo upana wa ndani, na huo ndio upana unaolihusu tairi. Upana wa nje, yaani pamoja na unene wa kuta zenyewe, huzidi ule wa ndani kwa milimita 4 hadi 6 hivi. Muuzaji akikwambia "hii ni 30", muulize kapima wapi, maana janti ya 30 kwa nje inaweza kuwa ya 25 kwa ndani.

Tairi nalo lina sehemu tatu za kujua: meno yanayokanyaga ardhi, ubavu, na ukingo wa ndani wenye waya, ambao upepo ukijaa unajibana kwenye ukuta wa janti. Matairi yanayokunjika yana nyuzi ngumu badala ya waya, lakini kazi ni ileile. Ndani ya tairi kuna mpira unaoshika upepo. Upepo hupimwa kwa bar au kwa PSI, na bar 1 ni PSI 14.5.

Sasa nambari, na hapa tusikimbie, kwa sababu wengi hununua tairi lisiloingia kabisa kabla hata hawajafika kwenye habari za upana. Kwenye ubavu wa tairi utasoma kwa herufi kubwa kitu kama 26 x 2.10, na karibu yake, kwa herufi ndogo zinazojificha chini ya vumbi, 54-559. Ile kubwa ni lugha ya soko, kwa inchi. Ile ndogo ndiyo ya kuaminika: 54 ni upana wa tairi kwa milimita, na 559 ni kipenyo cha janti pale ukingo wa tairi unapokaa, kwa milimita vilevile. Mpangilio huu unaitwa ETRTO, kutokana na jumuiya ya Ulaya ya watengenezaji wa matairi na janti. Baiskeli za milima hutumia vipenyo vitatu: 559, ambayo soko huiita 26, 584, ambayo huitwa 27.5, na 622, ambayo huitwa 29.

Mtego uko kwenye majina ya soko. Kifaransa kina majina yake, na kwa kuwa vitu vingi vinavyotufikia vimeandikwa kwa mtindo huo, utakutana na 650B: hiyo ni 584, sawa kabisa na 27.5. Utakutana na 700C: hiyo ni 622, kipenyo kilekile cha 29. Halafu kuna 26 za aina aina. Tairi la 26 x 1.75 ni la 559, lakini 26 x 1¾ ni la 571, japo hesabu ya darasani inasema 1.75 na 1¾ ni kitu kimoja. Tairi la 26 x 1⅜ ni la 590. Na zile baiskeli ndefu za mizigo za 28 x 1½ ni za 635, wakati 28 nyingine nyingi ni za 622. Kwa hiyo usimtume mdogo wako sokoni akakuletee "tairi la 26". Mwandikie 559 kwenye karatasi.

Janti nayo ina maandishi yake, ama kwenye kibandiko ama yamechongwa karibu na tundu la vali: 559x19, au 622x30. Nambari ya kwanza ni kipenyo kilekile, ya pili ni upana wa ndani. Kama yamefutika, vua tairi, laza rula ya shule juu ya mfereji, usome kutoka ukingo wa ndani wa ukuta mmoja hadi ukingo wa ndani wa ukuta wa pili. Ni kazi ya dakika tano, na itakuokolea pesa nyingi.

Upana huo unafanya nini hasa? Simama ndani ya mtumbwi ziwani miguu yako ikiwa imebanana: wimbi dogo tu linakuyumbisha. Tanua miguu, na wimbi lilelile halikutikisi. Kingo mbili za tairi ndiyo miguu yake. Kwenye janti nyembamba kingo hizo zinakaa karibu karibu, mbavu zinatanuka kuelekea nje, na tairi linakuwa jembamba chini na nene juu. Ukilala kwenye kona, sehemu ya juu inataka kwenda upande mmoja huku janti ikienda upande mwingine. Unahisi kama gurudumu linateleza ilhali meno bado yameshika ardhi. Dawa ya harakaharaka ni kuongeza upepo, lakini upepo ukizidi tairi linadunda juu ya mawe. Kwenye janti pana, kingo zinakaa mbalimbali, mbavu zinasimama wima zaidi, na unaweza kupunguza upepo kidogo bila tairi kukunjika. Hiyo ndiyo faida halisi ya janti pana.

Wengi wanadhani faida ni kwamba tairi linakuwa kubwa. Linakua, ila kidogo mno: ukiongeza milimita 5 za upana wa ndani, tairi hupanuka milimita 2 hivi tu. Hakuna sababu ya kununua magurudumu mapya kwa ajili ya milimita 2.

Na kuna kupitiliza. Tairi la wastani likitanuliwa juu ya janti pana mno, uso wake unakuwa bapa. Meno ya pembeni, yaliyotengenezwa kusubiri kona, sasa yanasugua ardhi hata ukienda moja kwa moja, na ukilala kwenye kona hayana kipya cha kukupa. Baya zaidi kwetu ni ubavu. Tairi lenye umbo zuri lina meno yanayotokeza kidogo nje ya ubavu, kwa hiyo jiwe linakutana na jino kabla ya kukutana na ubavu. Kwenye janti iliyozidi, ubavu unafika sambamba na meno au unayapita, na jiwe halina wa kuulizia, linakata moja kwa moja. Ukuta wa janti wenyewe unakuwa wazi zaidi kwa mawe, na ukipinda, kuunyoosha bila kuuvunja ni kazi ya fundi hodari.

Basi vipimo vinavyooana ni vipi? Janti za zamani za baiskeli za milima zina upana wa ndani wa milimita 17 hadi 19, na ndizo zilizojaa kwenye baiskeli za mitumba za 26. Hizo zinafanya kazi vizuri na matairi ya 1.9 hadi 2.2. Ukifunga la 2.4 litaingia, halitachomoka, lakini litayumba. Janti ya 25 inapendana na tairi la 2.2 hadi 2.4. Ya 30 inapendana na 2.35 hadi 2.6. Kuanzia 35 kwenda juu ni janti za matairi ya 2.6 na kuendelea, na zile baiskeli za matairi manene sana ya inchi 4 au 5 zina janti za milimita 65 na zaidi, ambazo ni jambo jingine kabisa, zilizoanza kwa ajili ya theluji na mchanga.

Mipaka hiyo hailazimishi mtu. Kati ya 25 na 30 tofauti utaihisi kidogo tu. Kati ya 19 na 30 utaihisi kwenye kona ya kwanza.

Turudi kwenye mawe. Lava ya volkano yetu, Nyiragongo, inajulikana duniani kwa jinsi inavyotiririka kama maji. Tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani, na tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena, ikafika hadi upande wa Buhene. Lava inapopoa, gesi iliyokuwa ndani yake inatoka na kuacha vitundu vingi. Jiwe linapovunjika, kila kitundu kilichokatwa katikati kinabaki na ukingo mkali. Okota kipande kando ya barabara, pitisha kidole polepole, utaelewa. Hili si lile jiwe la mtoni lililolainishwa na maji, ni msumeno. Mji umejengwa juu yake: kuta, misingi, na changarawe za barabara za mitaani. Baiskeli inayopita Majengo au kupanda kuelekea Munigi haikanyagi udongo, inakanyaga vipande hivyo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu anayeendesha ndani ya Goma na pembezoni mwake ni huu: ubavu mgumu kwanza, upana baadaye. Janti ya 25 hadi 30, tairi la 2.25 hadi 2.4, na tairi hilo liwe lile ambalo ukibana ubavu wake kwa vidole viwili unakataa kukunjika kama karatasi. Matairi mepesi ya mashindano yana ubavu mwembamba sana. Ni matamu kwenye njia za udongo, lakini hapa hayana maisha. Kuna alama ya TPI, idadi ya nyuzi kwa kila inchi ya kitambaa cha tairi. Watu hukimbilia 120 kwa kudhani nambari kubwa ni bora. Nyuzi 120 ni nyembamba na laini. Nyuzi 60 ni nene, zinafanya tairi liwe zito kidogo, na kwa kawaida huvumilia mikato zaidi. Kwa mawe yetu sioni aibu kuchagua 60.

Anayepanda vilima vya Masisi wakati wa mvua ana hesabu nyingine. Kule ni udongo unaonata. Tairi la 2.1 au 2.2 lenye meno marefu yaliyoachana linazama hadi kwenye udongo mgumu na linajisafisha lenyewe likizunguka, wakati tairi pana linaelea juu ya utelezi na kujaza matope kwenye fremu.

Kwenye upepo ndiko kuna uzushi mwingi zaidi. Wa kwanza ni kwamba tairi gumu ndilo lenye kasi. Kwenye lami laini kuna ukweli ndani yake. Kwenye mawe, tairi gumu linapokutana na kijiwe haliwezi kukimeza, kwa hiyo baiskeli nzima pamoja na wewe mnainuliwa juu yake, na nguvu ya kuwainua inatoka miguuni mwako. Tairi lenye upepo wa kiasi linabonyea, kijiwe kinapita chini, safari inaendelea. Uzushi wa pili ni kuhusu ile nambari iliyoandikwa ubavuni, kama vile MAX 65 PSI. Huo ni mpaka wa mwisho wa usalama. Haukuandikwa kama kipimo cha kila siku, na hata hivyo wanaojaza upepo kwa kompresa hujaza hadi pale, wengine hupita.

Mtu wa kilo 65 hadi 75, mwenye tairi la 2.25 na mpira wa ndani, aanzie bar 2.0 mbele na 2.2 nyuma, yaani PSI 29 na 32 hivi. Nyuma huzidi kwa sababu uzito mwingi uko huko. Ukibeba mzigo au mtu, ongeza. Ukiwa na tairi nene zaidi, punguza kidogo. Kisha endesha njia yako ya kawaida, urekebishe kwa sehemu ya kumi ya bar kila mara. Kipimo kidogo cha mkononi ni kitu cha kwanza ninachopenda kila mwendesha baiskeli awe nacho, kabla ya janti mpya, kabla ya kofia ya rangi. Kubonyeza kwa kidole gumba hakutoshi: ubavu mgumu unadanganya kidole.

Tairi likitoboka, usikimbilie kuziba. Toa mpira, ujaze upepo kidogo, utazame tundu, maana kila tundu lina asili yake. Vitundu viwili vilivyokaa sambamba, kama alama ya kuumwa na nyoka, maana yake tairi lilibonyea hadi jiwe likaubana mpira kwenye kuta za janti. Hapo upepo ulikuwa mdogo, au tairi ni jembamba kwa uzito wako. Tundu moja upande wa meno ni msumari, mwiba au kioo, na lazima upitishe kitambaa ndani ya tairi kutafuta kilichobaki. Tundu upande wa ndani, unaotazama spoki, maana yake kuna kichwa cha spoki kinachochoma. Utepe unaofunika vichwa hivyo umesogea au umechakaa, na ukiziba mpira bila kurekebisha utepe utarudi kesho. Mpasuko kwenye ubavu wenyewe ni jiwe. Huo kiraka cha mpira peke yake hakiuwezi, kwa sababu mpira utachungulia kwenye mpasuko na kupasuka. Weka kwa ndani kipande imara cha ubavu wa tairi kuukuu, kikubwa kuliko mpasuko, kikufikishe nyumbani, halafu lishonwe au libadilishwe.

Hapo ndipo swali la tyublesi linapoingia, yaani tairi lisilo na mpira wa ndani. Kwa baiskeli za milima mtindo huu ulitoka mwaka 1999, Mavic wakishirikiana na Michelin na Hutchinson. Janti inazibwa kwa utepe maalumu, vali inafungwa moja kwa moja kwenye janti, na ndani ya tairi humiminwa maji ya gundi ya utomvu ambayo hukimbilia kila tundu dogo na kuliziba lenyewe. Kwa kuwa hakuna mpira wa kubanwa, unaweza kushuka hadi bar 1.5 au 1.7. Penye miiba ni baraka tupu. Lakini gundi hiyo inaziba tundu la milimita chache, haizibi ubavu uliofunguliwa na jiwe. Pia hukauka na kutakiwa kuongezwa baada ya miezi michache. Kama huna mahali pa uhakika pa kuipata, na janti yako ya zamani haikutengenezwa kwa kazi hiyo, mpira wa ndani bado ni chaguo la heshima. Kila fundi barabarani anaujua, na kiraka kinapatikana kila mtaa. Mwenye nazo zote mbili, janti inayofaa na gundi ya kutosha, afanye, na bado abebe mpira mmoja mfukoni.

Kabla ya kulipa, pima fremu. Tairi jipya linahitaji nafasi ya milimita 6 hivi kila upande, kwenye uma wa mbele na kati ya vyuma vya nyuma, la sivyo kokoto moja iliyonata kwenye meno itakwangua fremu kila mzunguko. Kama breki zako ni za kubana janti, janti pana inaweza kukataa kupita kati ya vile vipande vya mpira, na breki hizo zinakula ukuta wa janti kidogo kidogo. Pitisha kidole: ukuta ulioingia ndani kama bakuli umechoka, hata kama janti inang'aa. Breki za diski hazina shida hiyo, ndiyo maana janti mpya pana karibu zote zimetengenezwa kwa ajili yake.

Mwisho, tundu la vali. Vali nene ni ileile ya pikipiki na gari, na tundu lake lina milimita 8 na kitu. Vali nyembamba, yenye kiskrubu kidogo kichwani, inapita kwenye tundu la milimita 6. Goma ni mji wa pikipiki, pampu na kompresa za vali nene ziko kila kona. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua janti ya tundu kubwa. Ukikuta nzuri yenye tundu dogo usiiache, nunua kile kiungo kidogo cha shaba kinachofungwa juu ya vali nyembamba ili ipokee pampu ya pikipiki, nunua viwili kwa sababu hupotea, na kumbuka kufungua kiskrubu cha vali kwanza kabla ya kufunga kiungo hicho, vinginevyo upepo hautaingia.